Kombe la Ovaroli Safi

Mgeni rasmi, Ndugu Meneja, daktari wa kiwanda, viongozi mliokaa kivulini, na waume zetu mliosimama juani,

Karibuni sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa, na safari hii msemo huo tumeushika kwa mikono miwili, maana tunataka kupona kwelikweli. Sisi ni wake, mama na mabinti wa wafanyakazi wa kiwanda hiki cha vigae vya asbesto. Kazi yetu ni kufua. Ofisi ilituandikia risala nzuri sana, yenye shukrani kila mstari. Tuliisoma, tukaipenda, tukaisahau nyumbani.

HISTORIA YETU

Zamani kila mmoja alifua kivyake, kimyakimya. Kisha Meneja akabuni Kombe la Ovaroli Safi. Alisema mfanyakazi nadhifu ni sura ya kiwanda. Basi, tukaingia mbio, tukaunda na kikundi. Siri ya ushindi ni kukung'uta. Ukilitia ovaroli majini na vumbi lake, linaganda kama uji na halitakati tena. Kwa hiyo kila jioni uani ni pa! pa! pa! Watoto wanafukuzana ndani ya wingu jeupe, na sisi tunataniana: "Shoga, leo umejipaka poda ya wapi?" Tulicheka sana, mgeni rasmi.

MAFANIKIO

Ni mengi. Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkata vigae, amelitwaa kombe mara tatu mfululizo. Tunamwita Mama Povu. Mara ya kwanza alipewa beseni. Mara ya pili alipewa beseni kubwa zaidi, ili asije akapumzika. Mara ya tatu alipewa mche wa sabuni na picha ya Meneja. Kukung'uta hakuna aliyemfikia. "Vumbi hili linanijua," alikuwa akijisifu.

Tumepata pia elimu. Daktari wa kiwanda alitukusanya akatueleza kwamba mwili una askari wake wa kinga. Vumbi likiingia, wanalimeza, mambo yamekwisha. Tukitaka kuwasaidia, tunywe maziwa. Tulipiga makofi. Maziwa tulijinunulia wenyewe.

CHANGAMOTO

Zipo, ila ndogondogo. Mama Povu hawezi tena kutoka kitandani hadi mlangoni bila kukaa njiani. Kaka alimpeleka hospitali kubwa, na daktari wa kifua kule akatueleza ule upande ambao daktari wetu aliuruka. Askari wapo, alisema, na wanajitahidi. Tatizo ni kwamba uzi wa asbesto ni mwembamba kuliko unywele, haumeng'enyeki, na mara nyingi ni mrefu kuliko askari mwenyewe. Anaumeza nusu, nusu inabaki nje. Anakufa, sumu yake inamwagika, anakuja mwenzake naye anakwama palepale. Vita hiyo inakwenda miaka ishirini, thelathini, hata zaidi. Mapafu yanajaa makovu, na chembe za mwili zinazojeruhiwa kila siku zinaweza siku moja kugeuka saratani. Si kwa kila mtu. Kwa Mama Povu, aliyeanza kukung'uta tangu alipokuja bi harusi, zimeshageuka. Saratani iko kwenye utando wa mapafu.

Mgeni rasmi, hao askari wa mwilini hawajawahi kuahirisha kikao wala kusubiri bajeti. Laiti tungekuwa nao ofisini!

Maana tulikwenda ofisini. Tukajibiwa, kwa upole, kwamba mama huyo hakuajiriwa na wala hajawahi kuingia kiwandani, kwa hiyo ugonjwa wake si wa kiwanda. Ni kweli, hakuingia. Kiwanda ndicho kilichomwingia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na masikini wifi yangu, hata nguo yenyewe haikuwa yake.

MAOMBI

Tunaomba chumba cha kufulia humo humo kiwandani, na mabafu, ili ovaroli lisivuke geti na baba arudi kwa wanawe akiwa ameoga. Tunaomba Mama Povu atibiwe kama mtu wa kiwanda.

Na lipo la leo leo. Mshindi unayetaka kumkabidhi kombe, yule msichana mwenye gauni la njano pale mbele, ni binti wa Mama Povu. Mama alipolala kwa ugonjwa, yeye akashika beseni. Jana aliniambia, "Shangazi, nikishinda, mama atafurahi." Nililia. Mgeni rasmi, tunakusihi usimpe.

Tunajua mtasema tumetiwa maneno na watu, na kwamba vumbi hili halina neno. Ndiyo maana tumekuja na mfuko huu. Ndani yake mna ovaroli. Kwa ruhusa yenu, nitalikung'uta hapa mbele ya meza kuu, mara tatu tu, kama tufanyavyo nyumbani.

Lo! Daktari, mbona umesimama? Meneja, mlango uko upande huu, taratibu, umeangusha kombe. Mgeni rasmi, na wewe unaziba pua?

Rudini mkae, jamani. Ovaroli hili ni jipya, limetoka dukani asubuhi, bei yake bado inaning'inia shingoni. Hatuwezi kuwafanyia wageni wetu yale tunayofanyiwa sisi na watoto wetu.

Mungu akujalie kifua chepesi na umri mrefu, mgeni rasmi, na huyu binti yetu naye asimnyime.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafua Ovaroli.
Tupo wote, isipokuwa Mama Povu, ambaye kaka amemfungulia dirisha linaloelekea hapa ili asikie utakachojibu.