Otmar Ngassa, Mpiga Dawa Aliyetangulia Kurudi Kharumwa

Padri, ndugu wafiwa na majirani, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Paskalia, mdogo wa marehemu. Nimeombwa kuwaeleza aliishi vipi.

Marehemu Otmar Ngassa alizaliwa tarehe 14 Machi 1919 hapa hapa Kharumwa, mtoto wa kwanza wa Mzee Ngassa na Mama Anisia. Miaka ile mbung'o walikuwa wakizidi. Ng'ombe walikwisha, kisha mwaka 1932 mama akafa kwa malale. Mwaka uliofuata serikali ilituhamishia Ushirombo, na msitu ukajifunga nyuma yetu.

Huko alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwalimu alitaka aendelee. Yeye akaona baba hawezi kulima peke yake.

Mwaka 1947 aliajiriwa Shinyanga kufyeka vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Walifyeka kiangazi chote. Mvua ikinyesha, visiki vikachipua upya. Mwaka 1952 ikaletwa dawa ya kuua visiki, iliyochanganywa na dizeli, naye akafundishwa kuipiga kwa pampu ya mgongoni. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Nguo za kazi hakuziingiza ndani. Alizifua mwenyewe, mbali na vyombo.

Mwaka huohuo, katika bonde moja la Msalala, msichana aitwaye Lukresia alisimama na mtungi wake mbele ya vichaka vya kisimani.

"Kaka, maji haya tunayanywa," alimwambia. "Dawa yako iishie hapo."

Otmar akatua pampu. Msimamizi wake, Bwana Onesmo, akamwonya kwamba bonde lisipokwisha kabla ya mvua, kazi hana. Otmar akamjibu, "Nipe sururu. Vya hapa nitaving'oa."

Aling'oa visiki kila jioni baada ya kazi, siku kumi na moja. Siku ya tatu wanawake wa kisima kile wakaja na majembe. Mvua ilikuta bonde limekwisha, na Bwana Onesmo, ambaye leo yuko nasi, akaagiza visiki vya karibu na maji ving'olewe kwa mkono kote.

Tarehe 6 Juni 1953 marehemu alifunga ndoa na Lukresia katika kanisa la Ushirombo. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na shangazi zetu walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 1956 Kharumwa ilikaguliwa, mbung'o hawakuonekana, naye akarudi na mtamba mmoja. Watu walisema mnyama yule hatamaliza masika. Leo ana ndama wawili, na kaya zilizorudi ni kumi na saba.

Novemba iliyopita alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Hospitalini walisema ni moyo. Wengine wameniuliza kama ni ile dawa. Daktari hakuweza kusema, nami sitasema nisilolijua. Wiki iliyopita aliniambia, "Nizikeni Kharumwa, watoto wazoee kwamba hapa ni kwao." Alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 9 Februari 1958, Lukresia akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Lukresia, Mama Melania. Watoto Melania na Donatus. Baba yetu, Mzee Ngassa. Nami mdogo wake. Pamba yake imeota vizuri, na kesho majirani wataipalilia.

Bwana ampokee, na ardhi ya Kharumwa impumzishe kwa amani.