Chai ya Lachie

Basi la kwenda mtaa wa Leith lilitupakia mbele ya Bunge. Kwenye kiti cha mbele yangu aliketi bibi mwenye chupa ya chai mapajani, na mzee aliyeketi kando yake akamuuliza kama alikuwa matembezini.

"Matembezi gani, bwana wee! Kamati ya Bunge iliniita niseme kuhusu wahudumu wa wagonjwa majumbani. Binti anayemhudumia mume wangu Lachie anapewa dakika kumi na tano tu, na Lachie mikono inamtetemeka, hawezi chai ya moto. Binti anaondoka, kikombe hakijaguswa. Basi nikawamiminia wanakamati kikombe palepale, nikawaambia tungoje kipoe."

"Wakangoja?"

"Dakika kumi na tano. Mwenyekiti akakigusa, akatoa kidole haraka."

"Wataandika ripoti, dada, waifungie kabatini." Aliongea kama aliyezisoma ripoti zote, ingawa mkononi alikuwa na gazeti la mbio za farasi.

"Lakini alikigusa mwenyewe."

"Haya. Na leo Lachie ananyweshwa na nani?"

Bibi akatazama saa, akabonyeza kengele. "Binti keshaondoka. Saa hizi chai aliyomwachia imeshapoa vizuri, nitamnywesha mwenyewe."

Basi likasimama. Mzee akaliacha gazeti kitini, akambebea chupa hadi mlangoni.