Hatua Thelathini na Moja

WENDELL: Haloo? Nani mwenzangu? Nina grisi mikononi, sijaangalia kioo cha simu.

ODESSA: Ni mimi, Odessa.

WENDELL: Dessa. Subiri nitoke huku kwenye matairi, mtandao unakwama kwa— [mkwaruzo] —sasa?

ODESSA: Nakusikia. Hujambo?

WENDELL: Sijambo, ila mgongo. Habari za msanii wetu? Macon nzima inasema Ijumaa unakwenda Atlanta kuwafundisha watu kazi.

ODESSA: Nzuri. Una dakika ngapi?

WENDELL: Kumi, labda kumi na tano. Bosi ameenda kula. Kwani vipi?

ODESSA: Nataka kukuuliza kitu, na nakuomba usinijibu kwa mzaha.

WENDELL: Sauti hiyo siipendi.

ODESSA: Ijumaa wale wa studio watanipa wimbo nisioujua na kompyuta yenye kisoma skrini, ile sauti inayonisomea yaliyo kwenye kioo. Nitazichanganya sauti zake peke yangu, mbele yao, kwa kibodi tu. Nikiweza, nafasi ni yangu. Nisipoweza, watamwita aliyeshika namba mbili.

WENDELL: Hayo nayajua. Nami ndiye dereva wako.

ODESSA: Basi jana nikafungua ule wimbo wa kwaya tuliowatumia. Nilitaka nijikumbushe nilivyoutengeneza ubeti wa mwisho, pale piano inaponyamaza na kwaya kuingia.

WENDELL: Pale waliposifia kwenye barua.

ODESSA: Hapo hapo. Waliandika kwamba wameniita kwa sababu ya pale. Na mimi njia niliyopitia siikumbuki, Wendell. Hata kidogo. Kwa hiyo nikaiambia programu inipe orodha ya hatua, na kisoma skrini kinisomee tangu mwanzo.

WENDELL: Kuna orodha?

ODESSA: Kuna orodha. Kila ulichofanya, na saa uliyokifanya. Hukuwa ukijua.

WENDELL: Mimi... sikuwahi kuangalia.

ODESSA: Nikusomee? Jumanne, saa kumi na mbili na dakika sita jioni. "Kipande kimeburutwa kwa kipanya." Dakika ya saba. "Kipande kimeburutwa kwa kipanya." Mara thelathini na moja.

WENDELL: Dessa, sikiliza—

ODESSA: Nina miaka ishirini na mbili, sijaona tangu nizaliwe. Kipanya sijawahi hata kukimiliki. Ningekielekeza wapi?

WENDELL: Huenda ni kasoro. Hizi programu wakati mwingine zina—

ODESSA: Usinifanyie hivyo.

WENDELL: [mkwaruzo] ...

ODESSA: Upo?

WENDELL: Nipo.

ODESSA: Jumanne saa kumi na mbili mimi nilikuwa kwa mama, nimejifungia bafuni. Kompyuta nilikuachia wewe kwenye chumba cha kwaya kanisani, ukasema utafunga mlango na kuzima taa.

WENDELL: Ulikuwa umelia, Dessa, ukisema mwisho wa wimbo haukai sawa na hujui kwa nini. Ulilia mpaka ukaacha fimbo yako. Na Jumatano mchana ndiyo ilikuwa mwisho wa kupokea maombi. Ningefanyaje? Nikae nikiangalia miezi minane ya kujifunza inakwenda bure?

ODESSA: Ungenipigia simu.

WENDELL: Nikuambie nini?

ODESSA: Kwamba kosa unalijua. Jumatano asubuhi nilipousikiliza, nikashangaa ulivyo mzuri. Nikakuuliza. Unakumbuka ulinijibu nini?

WENDELL: Sikumbuki maneno.

ODESSA: Mimi nayakumbuka. "Jana ulichoka, leo masikio yamepumzika." Nikakuamini. Wiki tatu nimetembea nikiamini kwamba nikipumzika tu, masikio yangu yanatosha. Nimewaambia hivyo wanafunzi wa shule ya wasioona niliposoma mimi. Nilisimama mbele yao, Wendell, nikawaambia wapumzike.

WENDELL: Sasa hilo nalo ni langu?

ODESSA: Ni la nani?

WENDELL: Sawa. Nimekosa. Lakini wimbo ni wako. Sauti umerekodi wewe, piano umepiga wewe. Mimi nilisogeza tu.

ODESSA: Kwaya ilichelewa kuingia kwa sababu gani?

WENDELL: Nani amekuambia ilichelewa?

ODESSA: Nimekuuliza sababu.

WENDELL: Ulipokuwa ukiichelewesha kidogo sauti ya Dada Lucille, kwa ajili ya ile pumzi aliyovuta kabla ya kuimba, hukuwa umechagua mstari wa sauti yake peke yake. Mistari yote ilikuwa imechaguliwa. Ukachelewesha kwa Lucille, ukachelewesha kwa wote. Kwaya nzima ikahama.

ODESSA: Kisoma skrini huniambia mistari mingapi imechaguliwa.

WENDELL: Kilikuambia. Ila umekiharakisha mno, kinaongea kama dalali wa mnada. Hata wewe kinakupita ukichoka.

ODESSA: Wewe ulikisikia?

WENDELL: Ehe?

ODESSA: Kilisema nini?

WENDELL: "Mistari kumi na miwili imechaguliwa." Halafu ukabonyeza.

ODESSA: Ulikuwa umekaa kando yangu.

WENDELL: Ndiyo.

ODESSA: Goti lako lilikuwa linagusa kiti changu.

WENDELL: Nilidhani utagundua mwenyewe. Ukaendelea. Ukaweka mambo mengine juu yake, ukafurahi, ukaanza na kuimba. Kila dakika ikawa ngumu zaidi kukuambia. Nawe ukisikia kosa unavyojichapa maneno, wewe mwenyewe unajijua.

ODESSA: Kwa hiyo ukanyamaza kwa faida yangu.

WENDELL: Usilipindishe.

ODESSA: Nalinyoosha. Na ile taulo?

WENDELL: Taulo gani?

ODESSA: Bwana Poole, aliyekuwa akitufundisha programu kwa simu, siku ya kwanza alitoa sharti moja. Anayeona akitaka kujifunza pamoja na asiyeona, afunike skrini, watembee njia moja. Wewe mwenyewe ukaenda jikoni kwa akina mama wa kanisa kuomba taulo. Nilikusikia ukiitandika.

WENDELL: Niliitandika kweli.

ODESSA: Ilikaa mpaka lini?

[mkwaruzo]

ODESSA: Wendell. Mpaka lini?

WENDELL: Wiki ya pili.

ODESSA: Wiki ya pili, kati ya miezi minane.

WENDELL: Sikuweza, Dessa. Ile sauti inanichanganya, vitufe mia mbili, kichwa kinauma. Nikasema niikunje kidogo tu, nione niko wapi. Halafu ikazoeleka. Mapishi ya Jumapili yakaanza, wakaihitaji jikoni, nikawarudishia.

ODESSA: Lakini ulikuwa unapapasa. Miezi yote hiyo. "Dessa, nimepotea tena, sijui niko mstari gani." Nami nasema hata mimi, tunacheka, tunarudi mwanzo pamoja.

WENDELL: Nilikuwa nakutia moyo.

ODESSA: Ulikuwa unaigiza upofu. Kando yangu. Nilipokuwa nakwama, kitu kilichonizuia nisiache ni kwamba Wendell naye amekwama. Kumbe hapo chumbani alikwama mtu mmoja.

WENDELL: Hukuwa peke yako. Nilikuwepo kila siku. Nani mwingine alikuja kila siku?

ODESSA: Ulikuja kunionea huruma.

WENDELL: Si huruma. Huruma mtu haji nayo miezi minane baada ya kazi ya matairi. Ni kwamba mimi kwako— [mkwaruzo]

ODESSA: Wewe kwangu nini?

WENDELL: Mtandao. Acha.

ODESSA: Sawa, naacha.

WENDELL: Sikiliza, tufikirie Ijumaa. Nimeshalifikiria hata kabla hujapiga. Nitakaa garini, wewe uwe na kisikizi cha simu kwenye sikio moja chini ya nywele, niwe nakusikia—

ODESSA: Kabla sijapiga?

WENDELL: Ndiyo, nilikuwa na mpango wa kuku—

ODESSA: Kwa hiyo ulijua siwezi.

WENDELL: Sikusema huwezi. Nilisema kama ikitokea. Ushaanza.

ODESSA: Hukutaja kwaya, hukutaja mistari, hukuniambia "kaa hapa tufanye mazoezi, hapa ndipo unapokosea." Umepanga gari na simu ya kuficha.

WENDELL: Nani ataumia? Hiyo nafasi wanaipata watu wasiojua hata piano. Hakuna atakayefungua orodha ya hatua, hawana muda huo. Wewe pita mlangoni kwanza, mengine utajifunza humo ndani.

ODESSA: Na siku nitakayokosea humo ndani, nani ataniambia? Umeniharibia hata sifa za kweli, Wendell. Mtu akisema nimefanya vizuri, nitauliza nani alikuwa chumbani.

WENDELL: Unataka nifanye nini? Sema, nifanye.

ODESSA: Ulichonijibu kuhusu Dada Lucille ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nilikuwa nasikia kwaya imechelewa, sijui imetokana na nini.

WENDELL: Umesikiaje? Nilishaisogeza.

ODESSA: Nimerudisha nyuma hatua zako. Moja moja, zote thelathini na moja. Nikasikiliza kilichobaki.

WENDELL: Ni mbaya, eh?

ODESSA: Pale mwisho ni mbaya sana. Huku mwanzo pazuri. Mwanzo hukugusa.

WENDELL: Hapakuhitaji.

ODESSA: Hilo ningependa kuliamini.

WENDELL: Lakini usiuhifadhi hivyo, Dessa. Weka nakala, usije ukautuma kwa bahati—

ODESSA: Nimeutuma saa mbili asubuhi. Nimewaandikia kwamba huu ndio wangu, na ule mwingine una mikono ya mtu anayeona.

WENDELL: Umewatumia? Ule uliochelewa? Kabla hata ya kuongea na mimi?

ODESSA: Ndiyo.

WENDELL: Watakufuta. Dessa, watakufuta leo leo, watampa huyo namba mbili— [mkwaruzo] —halo? Unanisikia?

ODESSA: Kuna simu nyingine inaingia. Simu inanisomea namba ya studio ya Atlanta.

WENDELL: Usipokee kwanza. Ngoja tupange la kuwaambia.

ODESSA: Mimi na nani?

WENDELL: Dessa, tafadhali—

ODESSA: Bosi wako amerudi, nasikia anakuita. Nenda kazini, nami napokea. Kwaheri, Wendell.