Maua Mawili ya Riboni Nyeupe

Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na mbili Juni, mwaka elfu mbili na kumi na mbili. Saa nne asubuhi. Karatasi moja ilibandikwa kwenye mlango wa shule ya kijiji chetu, Valea Nucului. Waliipaka gundi nyuma yote, ili mtu asije akaibandua. Karatasi ilisema shule imefungwa. Watoto wamepungua, ilisema. Kuanzia Septemba watasoma Podeni, kijiji cha ng'ambo ya kilima.

Nairudia tarehe, maana wenye kuisahau ni wengi. Kumi na mbili Juni. Siku hiyo ndiyo iliyoharibu mambo katika nyumba ya Agafia Buzdugan, ambaye leo anatimiza siku arobaini tangu atutoke. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Amemwacha mumewe, Simion, dada yake, Veta, binti mmoja na mjukuu mmoja.

Agafia alikuwa mtengenezaji wa maua ya riboni. Yale meupe, makubwa kama kabichi, ambayo msichana wa darasa la kwanza huvaa mawili kichwani siku ya kengele ya kwanza, shule inapofunguliwa tarehe mosi Septemba. Hakuwa na duka. Hakuwa na cherehani. Alikuwa na meza ya jikoni, mkasi, sindano na kipande cha mshumaa.

Riboni alinunua zile rahisi, zinazofumuka pembeni ukizitazama tu. Alipitisha kila ncha juu ya mwali, upesi, kama mtu anayeonja uji wa moto, na ncha ikajiziba. Mishumaa aliokota kanisani, vipande vilivyobaki baada ya ibada. Siku moja padre alimtania kwamba anaunguza maombi ya watu. Agafia akamjibu, "Baba, maombi yameshapanda juu. Mimi natumia nta iliyobaki chini."

Na mpira wa kushikia nywele je? Hiyo ilikuwa kazi ya Simion. Simion alikuwa dereva wa trekta, shule aliijua zaidi kwa nje. Alichukua tyubu kuukuu za baiskeli akazikata pete nyembamba, na mkewe akazivisha kitambaa. Hapo jikoni ndipo walipokuwa wakichekana. Agafia huinua pete moja akauliza, "We mzee, hii umemkatia mtoto au ng'ombe?" Naye Simion hukata nyingine. Akina mama walilipa mayai, au chupa ya jemu ya cheri. Asiye na kitu alichukua bure, na Agafia alijifanya amesahau kumwuliza.

Sasa sikilizeni vizuri, wasikilizaji wapendwa. Binti yao, Lilia, alikuwa Italia, mjini Padova, akiogesha wazee wa watu. Miaka tisa bila vibali, haendi wala harudi. Huko alimzaa Ilinca. Masika ya mwaka ule vibali vikatoka. Mpango ukawa huu: Ilinca, mwenye miaka saba, aje aanze darasa la kwanza Valea Nucului, akae kwa babu na bibi.

Agafia alianza maua ya Ilinca mwezi Machi. Aliyafumua mara nne. Riboni safari hii haikuwa ile rahisi. Alitaka kitu kimoja tu duniani: ayafunge maua yale kwa mikono yake kwenye nywele za mjukuu, kisha amwone amebebwa begani na mwanafunzi wa darasa la mwisho, akitikisa kengele mbele ya kijiji kizima. Jambo hilo hutokea mara moja katika maisha ya mtoto. Darasa la kwanza ni mara moja.

Ndipo ikaja karatasi ya gundi.

Simion alikwenda wilayani kwa miguu, maana basi nalo walishalifuta. Mkubwa mmoja alimsikiliza akiwa amesimama, ufunguo wa gari mkononi. Akamwambia, "Mzee, usikasirike. Ni hesabu tu." Simion akamwuliza kama ni hesabu ya watoto au ya mbuzi. Akaonyeshwa mlango. Mlango wenyewe mpya, wa kioo, unajifungua wenyewe. Pesa ya kioo ilikuwepo. Wakubwa wetu katika hesabu wanajua kutoa tu, kujumlisha hawakufundishwa.

Wiki iliyofuata lilikuja tela kutoka Podeni. Likapakia madawati. Likapakia ubao. Likapakia hata kengele. Simion alisimama mbele ya tela na uma wa nyasi kavu mpaka akaja askari, na hata askari aliona haya.

Lilia akapiga simu. Akamwambia mama yake kwamba kama kijijini shule hakuna, mtoto aje asome wapi, zizini? Ataanza hukohuko Padova. Huko watoto huvaa aproni ya buluu, na maua kichwani hawayajui.

Agafia hakulia. Alivuka kilima peke yake akaenda kuonana na mwalimu mkuu wa Podeni, mama ambaye binti zake wote walivaa maua ya Agafia. Mwalimu yule akakubali. Alisema mlete mtoto kwa siku moja, nitampa yeye kengele. Agafia akarudi nyumbani akikaribia kukimbia. Akampigia Lilia, na Lilia akasema siku moja inawezekana, tiketi atatafuta.

Simion ndiye aliyekataa.

Mnajua sisi na Podeni tulivyo. Tangu enzi za mababu hakuna harusi ya pande hizi mbili iliyoisha bila mtu kutoka na meno pungufu. Na sasa wamechukua shule. Simion alisimama katikati ya jikoni akasema, "Kengele ya wizi haitapigwa na damu yangu. Akienda Podeni, mimi si babu yake." Akachukua simu mwenyewe akamwambia Lilia asihangaike na tiketi.

Veta, dada wa marehemu, alikuwepo. Ameniambia hivi: "Agafia hakubishana naye. Aliinama akaendelea kushona. Mimi dada yake nilijua, hapo kuna kitu kimekatika."

Maua yale mawili aliyaweka kwenye kasha juu ya kabati. Kila Agosti aliyatoa, akayafua, akayapiga wanga upya. Veta anasema alimkuta siku moja ameyafunga juu ya boga ili aone kama bado yanasimama, na anaongea nalo taratibu: "Tulia, Ilinca. Usigeuze shingo, bibi anamaliza." Na kila tarehe mosi Septemba alisimama langoni. Upepo ukitoka ng'ambo ya kilima, kengele ilisikika. Simion siku hiyo alijipa kazi ya kelele. Alipasua kuni.

Miaka saba, wasikilizaji wapendwa. Ilinca alikuja mara mbili, wakati wa Krismasi. Alimpenda bibi yake, lakini hakuambiwa lolote.

Agafia alifariki mezani, mkasi bado mkononi. Nyumba ile sasa imenyamaza. Simion bado anakata pete za mpira. Nilimkuta na ndoo nzima. Nikamwuliza za nini, akasema mikono haijaambiwa. Sisi wanaume tulioachiwa kitanda kipana tunaelewa. Unanunua mkate mzima, nusu inaota ukungu.

Kwa Simion, kwa Lilia, kwa Veta na kwa Ilinca, kituo hiki kinatoa pole. Mungu amlaze Agafia mahali penye mwanga. Leo, mtakapogawa mkate na mishumaa kwa ajili ya roho yake, kumbukeni kila msichana wa vijiji hivi viwili aliyepita mbele ya watu akiwa amependeza kwa bei ya mayai mawili. Nami waliobandika karatasi ile nitawalaumu mpaka nifukiwe. Lakini tukae pia, kila mtu nyumbani kwake, tutazame yale ambayo hakuna mkubwa aliyetukataza.

Maana siku ya mazishi Veta alilishusha kasha ili maua yale ayaweke kwenye jeneza. Ilinca, ambaye sasa ana miaka kumi na minne na nywele fupi kama za askari, akauliza ni ya nani. Veta akamweleza. Akamweleza yote: kengele, mwalimu wa Podeni, siku moja ile. Msichana akamgeukia mama yake. Mama akamtazama Simion. Simion akatazama mikono yake.

Ilinca aliuliza kwa lugha yetu, polepole, ili asikosee neno.

"Siku moja tu. Babu, kwa nini hamkunileta?"