Nabiswa na Mlima Uliolala

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Nabiswa wa mtaa wa Jericho, Nairobi, fundi wa jenereta. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Amefia kisiwani, mbali sana baharini, na mwili wake haujarudi.

Wengi mlimjua. Stima ikipotea na taa kuzimika Jericho, aliitwa yeye. Kazi alijifunzia Kariobangi, na mashine aliisikiliza kwanza. "Hii imekunywa maji," angesema, kabla hajafungua hata skrubu moja.

Miaka miwili iliyopita alipata kazi kisiwani huko, kwenye kituo kinachopima mitetemo ya volkano. Meli hufika huko mara nne kwa mwaka. Mama yake, Nakhumicha, mshonaji wa sare za shule, alikataa. Nabiswa akamwonyesha picha kwenye simu: mlima mpana, hauna ncha, kama ngao iliyolazwa chini.

"Mama, si uangalie. Mlima wenyewe umelala."

Alimaanisha hauna mwinuko mkali. Mama alielewa kwamba moto wake umezimika. Akamruhusu.

"Angeniambia uko macho, ningemfungia ndani na kufuli," Nakhumicha aliniambia juzi.

Wiki tatu zilizopita mlima ulipasuka ubavuni. Lava ilishuka polepole, na wenzake waliondoka kwa miguu. Nabiswa alirudi kuzima jenereta, mafuta yasije yakawalipukia. Lava ikamzunguka. Pale alipokuwa sasa ni mwamba mtupu, na bado una moto. Hakuna wa kuchimba. Narudia, kwa sababu watu bado wananiuliza: hakuna wa kuchimba.

Kwao Bungoma, mwili usipopatikana, huzikwa shina la mgomba. Shemeji yake Nakhumicha, Mzee Makokha, alikuja Jericho kumchukua.

"Mama Nabiswa, twende tuzike. Mgomba umeshakatwa. Mtoto asibaki nje."

"Makokha, mimi nilizaa mtoto. Sikuzaa ndizi."

Mtu mmoja alicheka, kisha akatoka nje.

Mimi ni mzazi, na nilikwenda nyumbani kwa mama huyo nikidhani nitasaidia. Nilipiga simu ofisi tano kuuliza kama mwili unaweza kutolewa. Zote zilinijibu kwa adabu, zikasema pole. Basi niliosha vikombe, nikarudi nyumbani.

Mama Nakhumicha, Mzee Makokha na ukoo wote, poleni sana. Kaburi lilichimbwa Jumamosi, Bungoma. Hadi leo liko wazi, na mvua imeanza kunyesha.

Wasikilizaji wapendwa, msimwambie mama huyu ajikaze. Zimeni redio kidogo, kila mmoja ajiulize: ningekuwa mimi, ningezika nini?