Ottokar Weidinger, Aliyeidai Viola ya Mkewe

Leo, Ijumaa tarehe 25 Oktoba 2024, tumekuja hapa kwenye makaburi ya Ottakring kumsindikiza Ottokar Weidinger, mtunzi wa muziki, mume, baba na babu, aliyetutoka akiwa bado hajamaliza kubishana.

Alizaliwa Steyr tarehe 9 Februari 1949, mtoto wa tatu wa fundi saa Engelbert Weidinger na mkewe Notburga. Nyumba yao ilijaa saa zilizogonga kila moja kwa wakati wake. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alianza kulalamikia saa zilizopishana kabla hajajua kuomba mkate.

Alipata elimu ya msingi hapo hapo Steyr, akaenda Linz kujifunza piano, na kuanzia mwaka 1968 hadi 1974 akasomea utunzi hapa Vienna. Walimu walimsifu kwa masikio na kumlaumu kwa ukaidi. Yeye aliona ni kitu kimoja.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga piano kwenye mazoezi ya wacheza baleti, kazi ambayo, kwa maneno yake, humfundisha mtu kuhesabu hadi nane na kufunga mdomo. Baadaye akaingia kwenye televisheni, na wengi wenu mmekula chakula cha jioni Jumapili muziki wake ukiwasindikiza askari kanzu wa tamthilia. Fedha za kukodi okestra zilipokauka, alifanya kama wenzake wote: akahamia kwenye maktaba za sauti. Humo ala halisi zimerekodiwa noti moja moja, na mtunzi hukaa na kinanda na kompyuta akiziunganisha mpaka zisikike kama watu themanini ukumbini.

Tarehe 14 Juni 1980 alifunga ndoa na Roswitha Achleitner, mpiga viola, ala ya nyuzi kubwa kidogo kuliko fidla, kutoka Krems, na mwaka 1983 wakajaliwa binti yao Henrike. Mwaka 2003 kampuni moja ilimwajiri Roswitha arekodi viola ya peke yake kwa ajili ya maktaba kama hizo. Kila noti ilitakiwa ndefu, fupi, ya polepole, ya hasira, na kila moja irudiwe mpaka fundi mitambo aridhike. Jioni Roswitha alirudi hoi, na Ottokar akimpakulia supu alimuuliza leo amepiga nini.

"Fa," alijibu.

"Wimbo gani huo?"

"Nimekwambia fa. Tangu asubuhi. Kesho wakinihurumia nitavuka niende sol."

Maktaba ilipotoka, Ottokar alikuwa mteja wa kwanza kuinunua, ingawa mpigaji alikuwa akilala upande wake wa kushoto. Kabla ya kila noti ilisikika pumzi ya Roswitha akivuta hewa, na nyuma yake kiti kikilia. Watunzi wengine walinung'unika kuhusu kelele hizo. Ottokar hakuzigusa. Muongozaji mmoja wa filamu aliwahi kumsifu kwa kupata wapiga viola wenye nidhamu namna ile, naye akajibu kwamba ni mtu mmoja, amemwoa, na nyumbani nidhamu hiyo hajaiona.

Roswitha alifariki tarehe 3 Machi 2015. Mwaka uliofuata Ottokar alianza kutunga kazi ya viola na okestra, akimpigisha mkewe kwa zile noti alizoziacha. Hakuiandikia ukumbi wowote. Alimwambia Henrike kwamba ataimaliza, atamwachia, na itapigwa siku ya kumzika yeye, ili Roswitha awe ndiye anayempokea. Aliitunga taratibu mno, na sisi wa familia tulijua sababu. Alikuwa hataki ifike mwisho, na kwa hiyo hakuwahi kutoa hata nakala moja ya kusikiliza.

Vuli ya mwaka 2023 kompyuta yake ya zamani ilikufa. Mpya ikalikataa toleo la kale la maktaba. Kampuni ilikuwa imetangaza toleo jipya, bei nafuu kwa wateja wa siku nyingi. Kila mtunzi wa kompyuta anajua mwiko wa kazi hii: usibadilishe maktaba katikati ya utunzi, maana kazi yenyewe haibebi sauti, huziazima kutoka kwenye maktaba. Ottokar aliwafundisha vijana mwiko huo kwa miaka. Lakini mtu aliyekaa siku kadhaa bila kuisikia sauti ya mkewe hana subira, akabonyeza kukubali bila kusoma. Na kukubali toleo jipya kulikuwa ni kuisalimisha leseni ya lile la zamani.

Alipofungua kazi yake, viola ilipiga safi kama maji. Pumzi hakuna. Kiti hakuna. Noti za chini zilikuwa zimerekodiwa upya na mtu mwingine. Henrike alimkuta amekaa mbele ya kinanda akibonyeza fa, akiinama kusikiliza, akibonyeza tena.

Hapo ndipo miezi ya kuhangaika ilipoanza. Hakuwa peke yake. Wateja wengi walilalamika kwamba kazi zao za zamani hazifunguki, au zinafunguka na sura ngeni, na wote walijibiwa kwamba maoni yao yamepokelewa. Ottokar alipiga simu mpaka akafahamiana na Bwana Lackner wa huduma kwa wateja.

"Bwana Profesa, hili la sasa ni bora," Lackner alimwambia siku moja. "Tumeondoa kelele zote."

"Kelele hizo ni mke wangu."

Lackner akasema atajaribu. Tumtendee haki: alijaribu kweli.

Mwezi Mei mwaka huu Ottokar aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alikataa upasuaji, hakukataa simu. Hospitalini aliwataka wauguzi wamsogezee simu karibu kuliko maji. Alikonda, akawa mkali, akalia mbele ya watu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alifariki Alhamisi tarehe 17 Oktoba, asubuhi, Henrike akiwa amemshika mkono.

Jumatatu iliyofuata Lackner alipiga simu kwa furaha. Wakubwa wamekubali, Bwana Weidinger anarudishiwa toleo la zamani, athibitishe tu mwenyewe. Henrike alimweleza, akaomba apewe yeye badala ya baba yake.

"Pole sana, mama," Lackner alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka ardhi immeze. "Leseni ni ya aliyesajiliwa. Akifariki inafungwa. Hairithiwi."

Ndiyo maana leo hakuna muziki. Kazi yake ipo, dakika kumi na saba, na hakuna mwenye ruhusa ya kuifungua kama alivyoitunga. Henrike ameombwa na marafiki akubali ipigwe kwa toleo jipya. Amekataa, nasi tunamuunga mkono.

Marehemu ameacha dada yake Walpurga wa Steyr, binti yake Henrike, mkwewe Gernot, na wajukuu Leonie na Vinzenz. Roswitha tulimzika mwaka 2015, na mumewe akakataa kukubali kwamba tumemaliza. Leo tunamzika Ottokar, na mkewe tunamzika mara ya pili.

Wapumzike kwa amani, wote wawili.