Makaa ya Mumo

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao kwa Makau, fundi wa viatu hapa Mumbuni. Nimeuza kahawa ya tangawizi hapo tangu shule iliponikatikia kidato cha pili. Kaka yangu Mumo alichukua kazi ya kuwapikia wageni wanaopanda mlima ili mimi nirudi darasani. Safari iliyopita gesi yake ya mkebe ilikataa kuwaka kwa sababu ya baridi, wageni wakalala bila chai, na mwenye kazi akamwonya kwamba ikitokea tena, asirudi. Kwa hiyo jana, akiwa soko la mwisho kabla ya kupanda, alinipigia simu kuuliza anunue jiko gani. Niliweka simu katikati ya benchi ili wazee wamshauri. Leo asubuhi baridi ya Julai iliwaingiza wote ndani ya kibanda cha mabati cha Makau, mlango ukafungwa, wakawa wanaota moto wa jiko langu la makaa na kujisifu.

— Mimi ndio nilimwambia aachane na gesi, alisema Makau. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza redio, mara moja. Akaendelea: gesi ikisikia baridi inajikunja chini ya mkebe, haitoki.

— Si angeiweka ndani ya koti ipate joto? niliuliza.

— Mwiitu, binti yangu, hiyo sasa ni kulea gesi. Utaibeba mgongoni mpaka lini?

Bartholomew, ambaye tunamwita Askofu kwa kuwa huombea hata kahawa, alinyoosha kikombe.

— Lakini kijana alitaka stovu ya mafuta taa.

— Mafuta taa inaganda, alisema Wambua. Yeye tunamwita Meteo, wa hali ya hewa. Hutabiri mvua kila siku.

— Umeona wapi ikiganda?

— Kule Kalama, mwaka ile ya baridi. Tuliikata na kisu.

— Ai! Mkapaka mkate?

— Cheka tu, Askofu. Huko juu hata moto yenyewe inaganda. Unaivunja kipande, unaweka mfukoni, unashuka nayo.

Nilicheka nao. Nilikuwa na furaha, kwa sababu Mumo alikuwa na jiko.

— Ndio nikasema makaa, Injinia aliendelea. Makaa haina pampu, haina mpira, haina maringo.

— Na mimi nikamwambia aingize jiko ndani ya hema, alisema Askofu. Nje upepo utaiba joto yote. Apike huko, alale huko, jiko likae miguuni.

— Nani alimaliza kazi? Mimi! alisema Meteo. Nilimwambia afunge zipu mpaka chini, apange mawe pembeni. Baridi itakosa pahali pa kuingilia.

Mlango ulisukumwa. Aliingia mama mmoja ameshika kiatu kilichofunguka soli. Hatukuwa tumewahi kumwona hapo. Alisalimia, akasema anaitwa Mukai, akaketi, nikammiminia kahawa.

— Nimewasikia nikiwa nje. Huyo kijana mnayemsema yuko wapi?

— Ni kaka yangu, mama. Yuko mlimani. Analala peke yake kwa hema ya vyombo.

— Hema ya nini?

— Turubai nzito. Hata maji haipiti.

— Na amefunga mpaka chini?

— Kabisa, alisema Meteo.

— Sasa hewa ya makaa inatoka kupitia wapi?

— Makaa ikishika haina moshi, mama, alisema Injinia.

— Sijauliza moshi. Nimeuliza hewa, ile inayoua mtu akilala.

Askofu alimtazama Meteo. Meteo alitazama jiko langu.

— Sisi huota moto hivi kila Julai, alisema Askofu polepole. Na tuko hapa.

Mama Mukai aliinua macho kwenye paa. Tuliinua yetu pia. Mwanga na upepo viliingia kwa matundu ya misumari, na kwa ule ufa mrefu kati ya mabati na ukuta, ambao Injinia ameulaani mwezi mzima akisema utamuua na baridi.

Nilipiga simu. Mteja hapatikani. Nilipiga tena.

— Huko juu hakuna network, alisema Injinia. Ni network tu.

— Huwa anaamka saa ngapi? aliuliza mama Mukai.

— Saa kumi na moja alfajiri, nilisema. Huwapelekea wageni chai.

Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi. Injinia alisimama, akafungua mlango wote, akalibeba jiko nje kwa mikono mitupu. Hakuna aliyegusa kahawa. Nilipiga tena.